Mashine zinazojiendesha na kazi yetu ya uopareta: maswali mnayoniuliza kila siku

Mi ni opareta. Nilianza kama utingo wa greda mwaka 2007, nikapewa rola, afu loda, siku hizi nakaa zaidi kwenye kijiko, ule mtambo wa kuchimba, na greda, na kazi zangu nyingi ni hapa hapa Dar, kuanzia Bunju mpaka Chanika. Toka zile video za makatapila yanayofanya kazi bila mtu zianze kuzunguka kwenye magrupu ya WhatsApp, kila nikishuka kwenye mtambo kuna mtu ananivuta pembeni aniulize. Nimeona bora niyajibu yote sehemu moja, mtu akiniuliza tena namtumia hii.

Kaka, zile video ni za kweli au watu wanatudanganya?

Mashine zipo kweli na zinapiga kazi, japo siku hizi video zingine zinatengenezwa na kompyuta kwahiyo usiamini kila unachotumiwa. Komatsu, kampuni ya mitambo ya Japani, walianza kutoa malori ya mgodini yasiyo na dereva mwaka 2008, kwenye mgodi wa shaba wa Gabriela Mistral kule Chile, na mwaka huo huo yakaanza kwenye migodi ya chuma ya kampuni ya Rio Tinto huko Pilbara, Australia. Usifikirie Howo zetu hizi za kubeba mchanga, naongelea lori linalobeba tani 290 kwa tripu moja. Wanaoyasimamia wamekaa kwenye ofisi mjini Perth, kama kilomita 1,500 kutoka mgodini. Ni kama we ukae Posta hapa afu lori liko Bukoba.

Kwenye ujenzi wa kawaida pia wapo. Built Robotics ya San Francisco ilianza 2016, wao wanachukua kijiko cha kawaida wanakifunga vifaa vyao, kinachimba mtaro chenyewe. Na mwaka 2024 ikaanzishwa kampuni nyingine Marekani inaitwa Bedrock Robotics, na waanzilishi wake wametokea Waymo, wale wa magari yasiyo na dereva. Kwahiyo watu walioshughulika na magari ya barabarani sasa wameangalia upande wetu, hilo ujue.

Sasa kwanini wameanza na migodini, sio barabarani?

Piga hesabu kama bosi. Lori la mgodini halilali, linafanya kazi saa 24, kwahiyo lori moja linataka madereva wanne na zaidi ukihesabu shifti, likizo na wagonjwa. Kule Australia dereva wa lori hilo anaweza kulipwa zaidi ya dola laki moja za kwao kwa mwaka, na bado umlipie ndege ya kwenda na kurudi, umpe chumba, umpe chakula. Ukitoa madereva kwenye malori hamsini ni hela ndefu sana. Afu barabara ya mgodini ni ya mgodi peke yake, hamna bodaboda, hamna mkokoteni wa matikiti, hamna mtoto anayetoka shule, lori linapita njia ile ile asubuhi mpaka asubuhi.

Na wasikudanganye kwamba hivi ni vitu vya wazungu tu. Mgodi wa Kibali kaskazini mashariki mwa Kongo, hapo jirani kabisa, chini ya ardhi kuna loda zinasomba mawe bila mtu ndani, msimamizi yuko juu anaangalia skrini, na mtu mmoja anasimamia loda zaidi ya moja. Ndo maana mdogo wangu ambaye ndoto yako ni kwenda Geita kuendesha lori kubwa, sikwambii usiende, nakwambia hiyo ndo kazi ya kwanza kuguswa.

Kwahiyo sisi wa Dar tuko salama?

Mmh. Tuna muda, ndo neno ningetumia.

Sababu ya kwanza inauma kuisema: sisi ni bei rahisi. Ukichukua anacholipwa opareta hapa kwa mwezi ukakilinganisha na gharama ya kufunga mfumo wa kujiendesha kwenye kijiko kimoja, na mtaalamu wa kuuangalia, na vipuri vyake, bosi wa hapa haoni faida. Kinachotulinda leo ni umaskini wa mishahara yetu, na kinga ya hivyo haimfurahishi mtu. Vifaa vikishuka bei, kama simu zilivyoshuka, ile hesabu inageuka.

Sababu ya pili ndo ninayoipenda, ni mji wenyewe. Kuna siku nachimba mtaro Sinza, sarveya kaniwekea pegi zake vizuri, mchoro unaonyesha hamna kitu chini. Akatoka bibi mmoja na kanga yake akasimama karibu na mtambo mpaka nikazima, akaniambia mwanangu hapo unapotaka kushuka pana bomba, tulilivuta wenyewe na marehemu mume wangu, wala hakuna aliyeandika popote. Nikashuka, tukachimba kwa sepeto, kweli bomba lipo, nyumba nne zinakunywa maji pale. Sasa niambie ni kompyuta gani ilikuwa na hiyo habari. Chini ya mji huu kuna mabomba ya maji ya zamani, nyaya za umeme, mikongo ya intaneti, mashimo ya vyoo yaliyofukiwa nyumba ikajengwa juu, na sehemu kubwa ya ramani ya hivyo vitu iko vichwani mwa watu. Opareta mzuri wa Dar anajua kusikiliza watu, na anajua kusikiliza ndoo, maana meno ya ndoo yakigusa kitu ambacho sio udongo unakisikia kwenye vijiti vya kuendeshea kabla hujakiona.

Na kuna kazi ambazo sidhani kama mtu mwenye akili timamu ataziachia mashine. Lile ghorofa lilipoporomoka Kariakoo, Novemba 16, 2024, kulikuwa na watu walio hai chini ya kifusi. Kuinua zege moja pale, huku unajua pembeni yake kuna mtu anapumua, unataka mkono wa mtu na jicho la mtu, na mwenzako chini anayekupa ishara ambaye unamwamini.

Basi kitu gani kinakuja kwanza, kama sio kijiko kisicho na mtu?

Hapa naomba usome taratibu maana ndo sababu nimeandika yote haya. Wengi tunaangalia kile kiti, tunajiuliza lini kitakuwa kitupu. Wakati tunakiangalia kiti, kitu kingine kinapita mlangoni: ile skrini.

Kuna greda, dozi (buldoza) na vijiko vinakuja na mfumo wa GPS ndani. Mchoro wa barabara unaingizwa kwenye mtambo, kuna kituo kimesimamishwa pembeni kinarekebisha makosa ya setilaiti, na mtambo unajua ncha ya blade, lile bapa la kukatia udongo, iko wapi kwa sentimita 2 au 3. Komatsu walitoa dozi yao ya namna hiyo mwaka 2013, blade inajipandisha na kujishusha yenyewe, opareta anaenda mbele na kurudi nyuma. Caterpillar nao wako huko siku nyingi, walishaungana na Trimble, kampuni ya vifaa vya upimaji, kwenye hiyo biashara toka 2002.

Sasa nikupe niliyoyaona kwa macho. Mzee aliyenifundisha greda alikuwa anapiga fainali ya barabara, yaani usawazishaji wa mwisho, kwa jicho. Anashuka, anachuchumaa, anaangalia mgongo wa barabara dhidi ya jua, anapanda, anakata, na sarveya akija kupima anakuta iko sawa. Ilimchukua zaidi ya miaka kumi kulipata lile jicho, na watu walikuwa wanamfuata kutoka mikoani kwa ajili ya hilo jicho tu. Kwenye saiti moja mkandarasi, simtaji, akaleta greda yenye skrini. Akampa kijana ana miezi minane kwenye greda. Yule kijana alipiga levo sawa na ya mzee, wiki ya kwanza tu. Mzee hakufukuzwa, wala hakuna aliyemkosea adabu. Mkataba uliofuata alipewa bei ya yule kijana.

Hicho ndo kinachokuja. Pengo kati ya fundi na mwanafunzi linapungua, na riziki yetu sisi wa zamani ilikuwa ndani ya hilo pengo. Kiti kitakuwa na mtu kwa miaka mingi bado, ila mtu huyo atalipwaje, hapo ndo pa kupigania.

Afu skrini nayo ina mipaka yake na ukiijua ndo unajipandisha bei. Ukiwa katikati ya maghorofa ya Kariakoo au chini ya miembe mikubwa setilaiti zinafichwa, inaanza kuyumba. Ule udongo wa bonde la Msimbazi unaweza kukupa levo safi kabisa asubuhi, mvua ikinyesha usiku kesho yake umetitia. Skrini inakwambia urefu, haikwambii kwamba hapa panabonyea, wala kwamba maji yatatokea huku. Sasa opareta anayejua udongo NA anajua skrini, huyo ni adimu, na mi nataka tuwe wengi.

Bosi kafunga kidude kwenye mtambo, anajua hata nikiacha injini inaunguruma nikaenda kula. Hiyo ndo AI (akili bandia)?

Hapana, hiyo ni ya zamani kidogo. Inatuma mahali mtambo ulipo, saa za injini, mafuta, na makosa ya mashine. Komatsu walianza na Komtrax yao kule Japani kwa sababu wezi walikuwa wanaiba vijiko wanaenda kung'olea mashine za benki za kutolea hela. Siku hizi mitambo mingi mipya inakuja nayo kutoka kiwandani, ya Japani, ya Marekani, ya China.

AI inaingia pale data za mitambo mingi zinapokusanywa na programu inaanza kusema yenyewe, huyu anachoma mafuta kuliko wenzake, hii pampu ya haidroliki itakufa mwezi ujao. Nitasema ukweli ambao baadhi yenu hamtaupenda, ile tabia ya kunyonya dizeli imetuharibia jina sana, na kila lita iliyoibiwa ilikuwa hoja ya bosi kununua kidude. Ila na mabosi nao wasikilize: kama unamkata mtu hela kwa sababu kidude kimesema injini iliunguruma saa nzima, muulize kwanza. Labda alikuwa anasubiri matipa yaliyokwama foleni ya Mbagala.

Na kamera inayoangalia uso wangu?

Inaangalia macho, ukisinzia inapiga kelele, zingine kiti kinatetemeka. Mi naikubali. Nimewazika wenzangu wawili waliolala kwenye usukani wa tipa. Ninachodai ni kuambiwa mapema kwamba ipo, na picha zangu zinaenda kwa nani.

Mtambo gani utaguswa mapema, upi utachelewa?

Maoni yangu tu haya. Malori ya njia moja, kama mgodini na machimbo makubwa ya kokoto, yale ya kwanza. Rola inafuata maana kazi yake ni kwenda na kurudi, na tayari kuna marola yanayopima yenyewe kama ardhi imeshindiliwa vya kutosha. Dozi la kusambaza kifusi kwenye eneo kubwa tupu, nalo lina hatari. Bandarini pia usipasahau, Rotterdam walikuwa na magari ya makontena yasiyo na dereva toka 1993, kwahiyo nyie mnaoendesha mitambo ya pale bandarini msijione mko nje ya hii habari. Kijiko cha mtaani, bakhoe ya kubomoa ukuta wa jirani bila kugusa wa mwenye nyumba, kreni ya kuinua vitu vya maumbo ya ajabu ajabu, hivyo vitachelewa sana.

Mtu aliyeko China au India anaweza kukaa kwake akaendesha kijiko cha Kigamboni?

Kiufundi kuendesha kwa mbali kupo muda mrefu. Mlima Unzen wa Japani ulipolipuka mwaka 1991 ukaua watu 43, baadaye ikabidi matope na mawe yasombwe sehemu ambayo hamna anayeruhusiwa kuingia, kuanzia 1994 wakawa wanatumia vijiko na madampa ya rimoti. Hiyo ni matumizi mazuri kabisa ya teknolojia. Yale matope ya Katesh, Desemba 2023, mi nilivyokuwa naangalia wenzetu wanafukua huku mlima uko juu yao nilitamani wangekuwa na mitambo ya hivyo.

Kuhusu mtu wa nchi nyingine kukuchukulia kazi, shida ni mtandao. Ukisukuma kijiti unataka ndoo iitike hapo hapo, ikichelewa hata nusu sekunde umeshakata kitu, na mtandao wetu mnaujua mvua ikinyesha. Ila muda unavyoenda hilo linawezekana, na mi ningependa wenye mamlaka waanze kujiuliza mapema mtu wa hivyo atahesabiwa kafanya kazi nchi gani na atalipa kodi wapi.

Mi nina miaka 20, nataka kuingia. Niingie au niache?

Ingia. Miji inajengwa, mabarabara yanajengwa, na hela ipo. Lakini ujue ngazi yetu inakatwa vipande vya chini. Mi nilijifunza kwa sababu kulikuwa na kazi nyepesi za kumpa mtu asiyejua: kamwagie maji barabara, kashindilie pale, sogeza kile kifusi. Nikikosea hasara ndogo. Hizo nyepesi ndo mashine inazoziweza haraka, sasa kijana atajifunzia wapi mpaka afike kwenye ngumu? Hili linaninyima usingizi kuliko lori lolote la Australia. Utingo wa miaka mitatu aliyekuwa anapewa mtambo dakika kumi jioni wakati bosi kaondoka, ndo chuo chetu kilikuwa kile.

Kwahiyo usitegemee utingo peke yake. VETA wapo, NIT, chuo cha usafirishaji, pale Mabibo wapo, chuo cha ujenzi cha Morogoro kipo, kaulize kozi za mitambo na ada zao, pata cheti chako halali. Huko huko jifunze kusoma mchoro. Opareta asiyeweza kusoma mchoro leo anafanya kazi, kesho hatafanya.

Mi nina miaka 52, shule niliishia la saba, hizo kompyuta naziogopa.

Mzee wangu shikamoo. Unatumia M-Pesa? Unatuma voisi WhatsApp? Basi skrini ya mtambo utaiweza, haina maneno mengi, ina rangi na mishale, nyekundu umezidisha, bluu umepunguza, kijani uko sawa, rangi zinatofautiana kidogo kwa kampuni. Nimemfundisha mzee mmoja kwa siku tatu. Siku ya kwanza alikasirika, ya pili akanyamaza, ya tatu alinionyesha kosa kwenye mchoro ambalo mi na sarveya hatukuliona, maana jicho lake lilimwambia maji hayawezi kupanda mlima. Tafadhali usistaafu na hiyo elimu bila kumwachia mtu.

Wakileta mashine wakanipunguza, sheria inasemaje?

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri anayepunguza watu, hata kama sababu ni teknolojia, atoe taarifa mapema, aeleze sababu, na akae na wafanyakazi au chama chao wajadiliane namna ya kuepuka, nani anapunguzwa na kwa vigezo gani. Kiinua mgongo ni mshahara wa msingi wa siku zisizopungua 7 kwa kila mwaka uliokamilisha, mwisho miaka 10. Kwahiyo umefanya miaka 6 mfululizo, ni siku 42. Kama unalipwa kwa mwezi notisi ni siku zisizopungua 28. Ukiona umeachishwa kwa uonevu unaenda CMA, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na una siku 30 tu, usikae nyumbani unasikitika siku zinaisha. Chama kimojawapo cha wafanyakazi kwa upande wa ujenzi na migodi ni TAMICO.

Shida yetu kubwa ni kwamba wengi ni deiwaka. Hamna mkataba, hamna NSSF, unapigiwa simu usiku njoo kesho Goba. Siku bosi akileta greda ya skrini hatakupunguza, hatakupigia tu. Ndo maana nawasumbua kila siku kuhusu karatasi, hata mkataba wa miezi mitatu udai, weka na kopi nyumbani.

Mtambo unaojiendesha ukigonga mtu, nani anabeba?

Mwajiri ana wajibu wa kulinda watu kwenye saiti yake, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 iko wazi, na OSHA, wakala wa serikali wa usalama kazini, ndo wasimamizi. Nachoogopa ni saiti ambayo opareta anawekwa pale kusimamia mashine tatu zinazojiendesha, afu ikitokea ajali yeye ndo anaambiwa ulikuwa unaangalia wapi. Ukipewa kazi ya hivyo, iandikwe unasimamia nini, na kitufe cha kuzima kiko wapi, na una ruhusa ya kukibonyeza bila kuomba.

Dada yangu anaweza kuingia kwenye hii kazi?

Anaweza sasa hivi, wapo na wanapiga kazi vizuri, nimefanya kazi na mmoja kwenye rola ambaye mtambo wake ulikuwa msafi kuliko wetu wote. Kinachowatoa ni saiti zisizo na choo na matusi ya wanaume. Skrini haitatibu hilo, foromani ndo atatibu.

Wiki hii hii nifanye nini? Sina hela ya kozi.

Kesho sarveya akija saiti usiende kukaa kivulini. Msaidie kubeba ile fimbo, muulize namba aliyoandika kwenye pegi maana yake nini, muulize kituo chake amekiweka wapi na kwanini hapo. Wengi wao ni vijana wastaarabu wanafurahi kuulizwa. Mtambo ukikuandikia namba ya kosa (error code) usiifute haraka, piga picha, andika kwenye daftari siku hiyo ulikuwa unafanya nini na fundi alibadilisha nini. Na kama una utingo, jioni leo kabla hujazima mpe vijiti dakika kumi, we ukae pembeni yake.